Kinyozi wa Migori Anayepigwa Kila Siku na Bondia wa Sindo

Saa mbili na nusu asubuhi, Maroa Nchagwa anakung'uta kitambaa cheupe mlangoni, anakikunja pembe moja, halafu anamfunga mteja shingoni taratibu kama mama anayemvalisha mtoto nguo ya kanisani. Mteja anatoa wembe mfukoni, ungali ndani ya karatasi yake. Siku hizi hapa Migori hakuna anayekubali kunyolewa kwa wembe wa mwenzake. Maroa anaufungua, anauvunja katikati kwa vidole viwili, nusu anaitia kwenye mpini na nusu anamrudishia mwenyewe.

"Sasa nyamaza," anamwambia.

Hiyo ndiyo sheria ya kibanda hiki cha mabati kilicho nyuma ya soko. Aliye chini ya wembe hajibu, hata akitukanwa. Omwenga, mchuuzi wa ndizi ambaye haondoki kwenye benchi la wateja, ana kovu dogo kidevuni. Alilipata akijaribu kumtetea bondia Joe Louis povu la sabuni likiwa bado mdomoni. Watu hulijua kwa jina la kovu la Joe Louis, na mwenyewe hulionyesha kwa fahari kama mtu anayeonyesha medali.

Kwenye kibanda hiki ndipo mabondia ambao hawakukutana hupiganishwa. Mmoja alikuwa ameshatundika glavu mwenzake akiwa bado ananyonya, lakini hapa huingia ulingoni pamoja. Muhammad Ali wa miguu myepesi hukutanishwa na Mike Tyson wa enzi zile kabla hajauma sikio la mtu. Kwanza huwekwa mwaka. Mtu akisema "Tyson" tu, benchi zima humuuliza: wa mwaka gani?

"Bondia bila mwaka ni kama ndizi bila mkungu," asema Omwenga. "Utajuaje kama imeiva?"

Kisha zamu hugawanywa. Aliye kitini ana bondia wake lakini hana mdomo. Aliye kwenye benchi humpiga huyo bondia wa mwenzake raundi baada ya raundi, mpaka kitambaa kifunguliwe na viti vibadilishwe. Mtu mwenye ndevu nyingi hushindwa mapigano mengi.

Lakini pambano linalojaza benchi kuliko yote si la Wamarekani. Ni la Maroa mwenyewe, Maroa wa mwaka 1969, dhidi ya Dishon Obunga wa mwaka 1986.

Na Maroa hushindwa kila siku.

* * *

Maroa ana miaka hamsini na mmoja. Ni Mkuria wa upande wa Kehancha, mwembamba, mrefu wa mikono, na kifundo kimoja cha mkono wa kulia kimezama ndani kana kwamba mtu alikibonyeza kwa kidole gumba kikabaki hivyo. Akiwa kijana alikwenda Homa Bay kubeba marobota ya pamba kiwandani. Vijana wa kiwandani walikuwa wakipigana ngumi ukumbini siku za Jumapili, na yeye akawa hapigiki. Alipigana kwa miaka minne. Kifundo kilipovunjika, alikaa miezi akijifunza kushika kitu chepesi zaidi ya robota, na kitu hicho kikawa mkasi.

Dishon ni wa juzi. Ni Mjaluo aliyezaliwa karibu na Kendu Bay, sasa anakaa Sindo, ufuoni mwa Ziwa Victoria, na kuuza omena, dagaa wa ziwa hilo. Mwaka ule wa 1986, kwenye uwanja wa hapa Migori, alimlaza chini mwanamume kutoka Kisumu ambaye watu walidhani hawezi kulazwa. Wazee kwa watoto walikuwepo. Walimbeba mabegani mpaka stendi, na wengine wanaapa walimbeba mpaka darajani.

Pambano la Maroa hakuna wa hapa aliyeliona. Homa Bay ni mbali, na 1969 ni mbali zaidi.

"Watu hupigia kura macho yao," asema Maroa akinoa maneno polepole. "Dishon walimwona. Mimi wamesikia tu kwamba nilikuwa. Sasa mtu aliyesikika atampigaje aliyeonekana?"

Halafu anaongeza jambo ambalo linamkera kuliko kushindwa kwenyewe. "Sisi Wakuria, mtu hushindana na wale aliotahiriwa pamoja nao. Rika lako ndilo kipimo chako. Rika likija nyuma yako, hupigani nalo wala halipigani na wewe, mnapishana njia. Hawa wakinikutanisha na Dishon ni kama wananiambia rika langu lote limekwisha. Lakini hawajui. Nikiwaambia, watasema naogopa."

Kwa hiyo hunyamaza na kunyoa. Ila wateja wa siku nyingi wamegundua kitu. Shingo za watu wa Dishon hupakwa spiriti nyingi kuliko shingo za wengine.

"Mimi hutoka hapa shingo inawaka kama nimelala kwenye upupu," asema Ken, mwendesha baiskeli ya abiria, ambaye ni mtu wa Dishon tangu zamani. "Lakini siwezi kubadilisha mawazo kwa sababu ya spiriti."

Maroa anasema hayo ni maneno tu, spiriti ni ya kuua vijidudu. Anasema hivyo akitazama pembeni.

* * *

Nyuma ya kibanda cha kinyozi, kwenye ukuta uleule wa bati, kuna kibanda kingine. Hapo mkewe, Bathsheba, hukaanga mandazi na kuuza uji wa wimbi. Chai hauzi, yeye ni Msabato wa Kendu Bay, na chai aliiacha kwa mama yake. Bati ni jembamba. Kila linalosemwa kwa kinyozi hulisikia, na akiona inafaa hujibu bila kuacha kugeuza mandazi.

Sauti hiyo ya nyuma ya bati ndiyo inayomuuma Maroa kuliko benchi zima.

"Dishon, raundi ya nne," husema bati. Kila mara ni hivyohivyo. Raundi ya nne.

"Mama Bhoke, hata wewe?" Omwenga humuuliza, akichochea.

"Nimwongopee kwa sababu ananiletea unga? Dishon nilimwona kwa macho yangu. Nilikuwa nimepeleka mandazi uwanjani, nikasahau kuuza. Mkono ulikuwa unatoka hapa unafika pale, hujui ulipopita."

Maroa alimwoa mwaka 1975, glavu zikiwa zimeshaondoka. Bathsheba alimpata akiwa kinyozi na hajawahi kumwona akirusha ngumi, hata kwa nzi. Maroa naye hakuwahi kumsimulia. Alidhani mke wa kanisa hapendi habari za watu kuumizana. Mke akadhani hakuna cha kusimuliwa.

Mwaka huu mambo yaliharibika zaidi. Ng'ambo ya barabara kilifunguliwa kibanda kipya cha kinyozi chenye mashine ya stima. Ukutani kwake kumechorwa kichwa cha Tyson, shingo nene kama gogo. Maroa, anayetoza shilingi ishirini kwa kichwa na kumi kwa ndevu, akaanza kuona vijana wakimpita mlangoni bila hata kumsalimu. Benchi likakaa kikao. Likaamua kwamba kibanda kinahitaji ubao wenye bondia, na bondia awe wa nyumbani.

Walimchagua Dishon. Hawakubishana hata kidogo.

"Ni kibanda changu," Maroa aliwaambia.

"Ni kibanda chako, ndiyo, lakini tunataka kikusaidie," Omwenga akamjibu. "Watu wakiona Dishon wataingia. Wakikuona wewe watauliza, huyu mzee anauza nini?"

Bati likacheka. Maroa anasema kicheko kile alikwenda nacho nyumbani, akala nacho, akalala nacho.

* * *

Alhamisi hii mchoraji amefika. Anaitwa Mosoti, ni Mkisii mpole mwenye rangi kwenye kucha zote, na ameegemeza ubao mlangoni na kuupaka nyeupe ili ukauke. Anasubiri picha ya kuiga.

Picha inakuja na mwenyewe. Dishon Obunga ameshusha magunia ya omena sokoni, akasikia kwamba uso wake unakwenda kupanda ukutani, akaamua kuja kuuangalia. Ni mtu mkubwa, sasa ana kitambi kidogo, na amekunja kipande cha gazeti la zamani kwenye mfuko wa shati. Hajawahi kukanyaga kibanda hiki. Benchi linasimama kumpisha.

"Jaduong', habari ya siku," anamwambia Maroa, akitumia neno la heshima la Wajaluo kwa mzee.

"Nzuri. Unataka kunyoa?"

"Ndevu tu. Naona wanataka nichorwe nikiwa safi." Anatoa wembe wake mfukoni.

Maroa anatazama wembe ule. Anatazama kile kiti. Anatandaza kitambaa na kukifunga, labda kwa kukaza kuliko kawaida. Anapaka povu kutoka sikio hadi sikio. Mafuta ya mandazi yanasikika yakichemka ng'ambo ya bati.

"Sheria yetu unaijua?" anauliza Maroa.

"Nimeambiwa."

"Basi nyamaza."

Kisha, kwa mara ya kwanza tangu kibanda kijengwe, Maroa Nchagwa anapigana pambano lake mwenyewe.

Anaanza chini kwa chini, wembe ukishuka shavuni. Maroa wa 1969 ametoka pembeni. Hakimbii, anatembea. Dishon anarusha ule mkono wake wa kulia ambao watu wote wanausifu, na Maroa hayupo pale ulipofika. Raundi ya pili, Dishon anarusha tena. "Huyu kijana ana nguvu, sikatai," asema Maroa, akimgeuza kidevu kwa kidole. "Lakini anapumua kwa mdomo. Mtu anayepumua kwa mdomo, unamngoja." Raundi ya tatu anamngoja. Anampa kushoto, kidogo, puani, kisha kushoto tena mahali palepale, kama mtu anayebisha hodi kwa adabu.

Dishon anakodolea dari macho. Povu linatikisika juu ya mdomo wake, lakini hajibu.

"Raundi ya nne," asema Maroa, na sauti imepanda sasa, kitu ambacho benchi halijawahi kusikia, "anachoka. Mikono inashuka. Mimi ndio kwanza naanza. Naingia ndani, nampa ubavu, nampa..."

"Hapo ndipo alipokulaza," lasema bati.

Benchi linapasuka kwa kicheko. Ken anajipiga mapaja. Hata Mosoti anageuza uso kuficha meno. Maroa anasimama na wembe hewani. Anaushusha wembe mezani. Anamfuta Dishon uso polepole, shavu hili, shavu lile, kisha anamimina spiriti kiganjani, nyingi, na kumpaka shingo nzima.

Dishon anafumba macho mpaka moto upite. Halafu anajifungua kitambaa mwenyewe.

"Sasa naweza kusema?" anauliza.

"Umeshanyolewa. Sema."

"Hapa mnasema mimi humpiga huyu mzee kila siku?"

"Kila siku," asema Ken. "Wakati mwingine mara mbili."

Dishon anajipapasa kidevu. "Basi mimi naomba nihamie Migori. Kwa sababu kule Sindo, huyu mzee hunipiga kila jioni."

* * *

Benchi halielewi. Inabidi Dishon aeleze.

Mama mkwe wake, Truphena, ni mjane, na ndiye mkubwa wa wanawake wanaoanika omena pale ufuoni. Jioni wakikusanya samaki, wavuvi huanza kumsifu Dishon kwa ajili ya 1986. Na kila wakianza, Truphena huwakatiza maneno. Huwaambia, "Huyu mkwe wangu ni mzuri, lakini mimi nilimwona Mkuria mmoja Homa Bay, Nchagwa jina lake. Nilikuwa msichana nikiuza machungwa mlangoni pa ukumbi." Kisha huwasimulia, akiinama na kuinuka na kapu lake, jinsi Mkuria yule angemmaliza Dishon.

"Na mimi nifanye nini?" asema Dishon. "Kwetu mama mkwe habishiwi. Hata kiti changu sikisogezi karibu na chake. Nasimama pale na gunia langu, napigwa mpaka jua linazama. Hiyo sheria yenu ya wembe ni ndogo sana."

Maroa amekaa kwenye kile kiti cha wateja bila kujua amekaa. "Anasema nini hasa?" anauliza.

"Anasema mkono wako wa kushoto ulikuwa chini, hapa, karibu na kiuno, watu wakidhani umechoka. Anasema ulikuwa hupepesi macho. Na anasema ulikuwa na bukta ya gunia la unga. Ati ulishonewa kwa kitambaa cha gunia la unga, na maandishi ya unga yakabaki nyuma, hapa makalioni, kila mtu akiyasoma ukigeuka."

Hakuna anayecheka. Wanamtazama Maroa, na Maroa ameinamisha kichwa. Mtu anaweza kuona kwamba ni kweli, na kwamba hajaisikia habari ya bukta hiyo kwa mdomo wa mtu kwa miaka mingi.

"Mama ndiye alishona," asema hatimaye. "Hatukuwa na kitambaa kingine."

Ng'ambo ya bati, harufu ya mandazi yanayoungua inaanza kupenya.

"Huyo mama," lasema bati, "ana umri gani?"

Dishon anageukia ukuta, hajui atazame wapi. "Hamsini hivi, mama. Au bado kidogo."

"Na ni mjane."

"Ndiyo, mama."

"Na husema hayo kila jioni."

"Akiwa mgonjwa hapana," asema Dishon kwa uangalifu.

Kisha Bathsheba anatokea mlangoni, aproni yake nyeupe kwa unga, mwiko mkononi, mafuta yakidondoka chini. Ni mwanamke mfupi mwenye uso wa mviringo, na leo uso huo hauna mzaha wowote.

"Baba Bhoke."

"Naam."

"Miaka ishirini na miwili nafua nguo zako. Najua kila kifungo. Najua shati lipi lilichanika wapi. Bukta ya gunia la unga, sijawahi kuisikia."

"Hukuuliza."

"Ningeulizaje kitu nisichojua kipo?" Anamgeukia mchoraji. "Mosoti, unachora nini?"

Mosoti anaonyesha kipande cha gazeti. "Huyu, mama. Benchi limesema."

"Benchi halilali nyumbani kwangu. Chora huyu." Mwiko unamwelekea Maroa.

"Mama, sina picha yake ya ngumi."

"Uso anao. Uko hapo. Ondoa mvi."

"Mama Bhoke," asema Omwenga, "si wewe ulisema Dishon, raundi ya nne?"

"Nilisema nilichoona. Sasa nimeambiwa kuna mwanamke Sindo aliona zaidi." Anatulia. "Haiwezekani mume wangu ajulikane vizuri ufuoni kuliko jikoni kwangu."

* * *

Kwa hiyo Maroa anavua koti la kazi na kusimama mbele ya ubao, ngumi juu. Zimekaa vibaya, miaka imezisahaulisha. Ni Dishon anayeinuka kumrekebisha. Amesimuliwa mkao ule jioni nyingi kiasi kwamba anaujua kuliko mwenyewe. Anamshika mkono wa kushoto, anaushusha mpaka kiunoni. Anamgeuza mguu kwa ncha ya kiatu.

"Hapo," asema. "Hapo ndipo mama mkwe huniambia sina la kufanya."

Bathsheba anatazama ule mkono ulioshuka. Anamwona mtu ambaye hajawahi kumwona. Halafu anaonekana kukumbuka nani aliyeutunza mkao huo muda wote, na midomo yake inabana tena.

"Na bukta uichore," anamwambia Mosoti. "Na maandishi."

"Maandishi yapo nyuma, mama. Huku ni mbele."

"Basi mchore akigeuka kidogo."

Dishon anakunja kipande chake cha gazeti na kukirudisha mfukoni. Anakaa kwenye benchi, mahali pa watu wanaosubiri. Baada ya muda anauliza, kama mtu asiyejali sana, iwapo upande wa nyuma wa ubao utabaki mtupu, maana rangi ipo. Maroa anachukua chupa ya spiriti na kumpaka shingo mara ya pili.

Kufikia saa kumi alasiri rangi haijakauka, lakini wateja watatu wa ng'ambo ya barabara wameshavuka kuja kuuliza yule mwenye maandishi ya unga makalioni ni nani. Mmoja amenyolewa. Ken, mtu wa Dishon tangu zamani, ametangaza kwamba sasa haamui mpaka asikie zaidi, na kwa mara ya kwanza shingo yake imepakwa spiriti ya kiasi.

Maroa anasema ana mpango mmoja tu. Angependa Jumapili moja afunge kibanda, apande gari mpaka Sindo, akamwone huyo Truphena kabla hawajazeeka wote wawili. Si kwa jambo lolote. Anataka tu kusikia, kwa mtu aliyekuwepo, kama kweli alikuwa hapepesi macho.

"Utamwona," asema bati, ambalo limerudi kazini. "Tutakwenda wote wawili. Wewe utakaa mbali, pale wakwe wanapokaa. Mimi ndiye nitakayekaa naye. Atanisimulia raundi zote, moja baada ya nyingine, asiruke hata moja. Akimaliza, ndipo nitakuambia nani angeshinda."